Jane, Helen, Jessica au Hester: Yupi Umsome Ukitaka Shujaa Anayejiokoa Mwenyewe?

Msomaji wa riwaya za mapenzi za kihistoria aliyechoshwa na binti anayezimia penye hatari na kuzinduka mikononi mwa bwana mwenye farasi, huingia dukani na ombi moja tu: apewe kitabu ambacho mwanamke anajitoa mwenyewe. Ombi hilo lilikuwa gumu zamani kwa sababu vitabu vya namna hiyo vilikuwa vichache; leo ni gumu kwa sababu karibu kila jalada linadai kumbeba mwanamke jasiri. Ukifungua ndani unamkuta shujaa anayejibizana kwa ukali katika sura tano za mwanzo, kisha anatekwa kuelekea mwisho ili mpenzi wake naye apate kazi ya kufanya.

Hapa nimewaweka bega kwa bega wanawake wanne ambao, kwa maoni yangu, ahadi hiyo wanaitimiza, ingawa kila mmoja kwa namna yake. Wawili wametoka Uingereza ya karne ya 19: Jane wa riwaya ya Charlotte Brontë iitwayo Jane Eyre (1847), na Helen wa The Tenant of Wildfell Hall (1848), ambayo iliandikwa na Anne, mdogo wake Charlotte. Wawili wengine waliandikwa Marekani katika miaka ya 1990: Jessica wa Lord of Scoundrels (1995) ya Loretta Chase, na Hester wa Indigo (1996) ya Beverly Jenkins. Asiyependa kuharibiwa uhondo aelewe mapema kwamba nitafichua mambo kadhaa, hasa ya vile vitabu viwili vya zamani, kwa kuwa haiwezekani kueleza jinsi mtu alivyojiokoa bila kusema alitoka wapi na akaenda wapi.

Vigezo

Ninavipima vitabu hivi kwa mambo manne. La kwanza ni mtego: mwanamke huyu amenaswa na nini, na je, mtego huo ulikuwapo kweli katika zama zake au umebuniwa tu ili kumpa nafasi ya kuonyesha ushujaa? La pili ni njia ya kutoka, maana yake alichofanya kwa mikono yake, kwa akili yake na kwa fedha yake, pamoja na gharama aliyolipa. La tatu ni mwanamume, kwa kuwa hizi ni riwaya za mapenzi na haziwezi kukamilika bila yeye. Swali ni kama anakuja kama mwenzi au kama mkombozi aliyechelewa. La nne ni usomaji wenyewe: ugumu wa Kiingereza chake, urefu wake, na mambo ya chumbani, ambayo wasomaji wengi wangependa kuyajua kabla hawajaazima kitabu au kumpa binti yao.

Kigezo cha kwanza ndicho ninachokipa uzito mkubwa kuliko vyote. Ujasiri wa mhusika hauwezi kuuzidi ukubwa wa kile kilichomfunga, na mwandishi anayeilegeza historia ili shujaa wake apite kwa urahisi humpunguzia shujaa huyo heshima badala ya kumwongezea.

Mtego

Mtego wa Helen Huntingdon ni sheria, na ndiyo maana naanza naye. Hadithi yake inapita katika miaka ya 1820, wakati ambapo sheria ya Uingereza ilimhesabu mke na mumewe kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Fedha aliyoipata mke kwa jasho lake ilikuwa ya mume. Mtoto alikuwa wa baba. Sheria ya kwanza iliyomruhusu mama aliyetengana na mumewe kuomba mahakamani akae na watoto walio chini ya miaka saba ilipitishwa mwaka 1839. Mlango wa talaka kupitia mahakama ya kawaida ulifunguliwa mwaka 1857, tena kwa masharti yaliyompendelea mwanamume. Na sheria za mali ya wanawake walioolewa zilikuja mwaka 1870 na 1882. Kwa hiyo Helen anapoamua kumchukua mwanawe mdogo na kuondoka, hana sheria hata moja ya kuiegemea. Mumewe ni mlevi na mzinzi, lakini aibu hizo alizivumilia kwa miaka. Kinachomvunja ni kumwona mtoto akifundishwa na baba yake pamoja na marafiki wa baba kunywa mvinyo na kutukana, huku meza nzima ikicheka. Anne Brontë hapambi: Helen anafikia hatua ya kumchanganyia mtoto dawa ya kutapisha katika mvinyo ili mwili wake ukichukie kileo. Ni ukurasa usiosomeka kwa raha, na ni vigumu kuusahau.

Mtego wa Hester Wyatt nao ni sheria, ila wa kutisha zaidi. Alizaliwa utumwani, na mikono na miguu yake ina rangi ya zambarau iliyobaki kutokana na kazi ya kutengeneza nili, alama ambayo mtu yeyote anayemsaka angeweza kuitambua. Anaishi Michigan, jimbo lisilo na utumwa, lakini mwaka ni 1858 na sheria ya watumwa watoro ya mwaka 1850 inafanya kazi nchi nzima. Chini ya sheria hiyo, mtu aliyedaiwa kuwa mtoro hakuruhusiwa kutoa ushahidi wa kujitetea wala kusikilizwa na baraza la wazee wa mahakama. Ofisa aliyeamua shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani na dola 5 akimwachia. Na aliyemficha mtoro alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Hester, ambaye mwenyewe ana kila sababu ya kuiogopa sheria hiyo, anawaficha wengine.

Jane Eyre amenaswa na umaskini na uyatima, na mtego wake hubadilika sura kila anapokua. Kwanza ni nyumba ya mke wa mjomba wake, ambako anapigwa na kufungiwa. Kisha ni shule ya Lowood, ambako wasichana wanakufa kwa homa. Na mwishowe ni kasri la Thornfield, ambako mwajiri wake, Rochester, anampenda naye anampenda, mpaka siku ya ndoa inapobainika kwamba bwana huyo ana mke aliye hai, amefungiwa ghorofa ya juu. Mtego wa mwisho ndio mgumu kwa sababu ni mtamu. Rochester anamsihi waende kusini mwa Ufaransa waishi kama mume na mke, na hakuna ndugu yeyote atakayeona haya kwa ajili yake kwa kuwa hana ndugu anayemjali.

Jessica Trent ndiye aliyenaswa kwa uzi mwembamba zaidi, na ni haki kulisema hilo waziwazi. Mwaka 1828 anafika Paris akiwa na umri wa miaka 27, hana haja ya mume, ana jicho kali la kutambua vitu vya kale vyenye thamani, na shida aliyoijia ni ya kaka yake mpumbavu anayefilisika kwa ulevi akimfuata lodi mmoja mkorofi aitwaye Dain. Yeye mwenyewe ananaswa baadaye, pale busu moja linaposhuhudiwa na watu na jina lake likachafuka mbele ya jamii ya Waingereza walioko Paris. Kwetu leo jambo hili linaonekana dogo. Kwa mwanamke wa tabaka lake, jina lilikuwa ndio mtaji, na likichafuka hata biashara aliyokusudia kuifungua ingekufa.

Njia ya kutoka

Jessica anaanza kwa bastola. Anamwendea Dain na kumpiga risasi ya mkono, kisha anaajiri wakili na kudai fidia. Tukio la risasi ndilo linalokumbukwa na wasomaji, lakini mimi naona wakili ndiye silaha kubwa zaidi: Jessica anahesabu hasara yake kama mfanyabiashara anavyohesabu mzigo uliopotea, na anamfanya mwanamume aliyezoea kununua kila kitu aone kwamba safari hii atalipa bei aliyoipanga mwingine. Upungufu wa njia hii ni kwamba inamfaa mtu wa tabaka lake tu. Mtumishi wa jikoni angempiga lodi risasi mwaka 1828 angenyongwa, wala pasingekuwa na hadithi ya kuchekesha ya kusimulia.

Njia ya Jane ni miguu, lakini kabla ya miguu ni kalamu. Wengi wanakumbuka alivyotoroka Thornfield alfajiri, na wanasahau kwamba alikwishajiokoa mara moja kabla ya hapo. Akiwa na miaka 18, mwalimu wa Lowood kwa mshahara wa pauni 15 kwa mwaka, anakaa kitandani usiku akijiuliza watu wasio na marafiki hupataje kazi mpya, na jibu linamjia: hutangaza gazetini. Anaandika tangazo, anatoa anwani ya posta na herufi mbili za jina lake, na anapata nafasi ya mwalimu wa nyumbani kwa pauni 30. Hakuna bwana, hakuna mfadhili, hakuna bahati nasibu. Kutoroka kwa pili kunamgharimu zaidi: anatumia shilingi zake zote 20 kulipia nauli ya gari la farasi, anasahau kifurushi chake ndani ya gari, na katika siku zinazofuata anajaribu kubadilishana leso yake ya hariri kwa kipande cha mkate, anakataliwa, na mwishowe anakula uji baridi uliokuwa unamwagiwa nguruwe. Brontë hakumwonea haya shujaa wake mwenye njaa, na hapo ndipo heshima ya Jane inapojengeka.

Kasoro ipo, nayo ni ya kimuundo. Mambo mawili yanayomwezesha kurudi kwa Rochester, yaani urithi wa pauni 20,000 kutoka kwa ami yake na moto unaomuua yule mke aliyefungiwa, mzaliwa wa Jamaika, hayakutokana na juhudi zake. Urithi anaugawa mara nne na binamu zake watatu, na kitendo hicho ni chake kwa ukamilifu. Lakini uhuru wa mwanamke mmoja unapolipiwa kwa kifo cha mwingine, msomaji wa leo ana haki ya kusita.

Helen anajitoa kwa brashi. Anapanga kuishi kwa kuuza picha atakazochora, anajifunza kwa siri kuiona sanaa yake kama kazi badala ya burudani ya bibi wa nyumba, na anaweka kila kitu tayari. Kisha mumewe anaisoma shajara yake, anachukua funguo zake, na kuvitupa vifaa vyake vya kuchorea motoni. Anaanza upya. Katika jaribio la pili anasaidiwa na kaka yake na watumishi waaminifu, na anafika Wildfell Hall, jumba lililochakaa, akitumia jina la ukoo wa mama yake. Kuna jambo dogo mwanzoni mwa kitabu ambalo hupita bila kuonekana: mgeni anaona picha ya jumba hilo chumbani mwa Helen na kushangaa kwamba ameandika chini yake jina la mahali pengine kabisa, katika mkoa mwingine. Helen anaeleza kwamba picha zinauzwa London, na jina la uongo litawapoteza wanaomtafuta. Hivyo ndivyo mtu anayejificha anavyofikiri, na ni nadra kuona katika riwaya za mapenzi, za zamani au za sasa, utoroshaji uliopangwa kwa uangalifu wa kiasi hicho.

Kuhusu Hester nitasema kwa kifupi zaidi, si kwa sababu ana upungufu, bali kwa sababu sehemu kubwa ya raha ya kitabu chake ni kutojua kitakachotokea. Kitabu kinapoanza yeye yuko huru, na kazi yake ni kuwavusha wengine. Nyumba yake ni kituo katika mtandao wa siri ulioitwa Reli ya Chini ya Ardhi, uliowapeleka watoro hadi Detroit na kuwavusha mto kuingia Kanada, ambako utumwa ulikwishafutwa pamoja na makoloni mengine ya Uingereza katika miaka ya 1830. Usiku mmoja anapokea majeruhi: mvushaji mashuhuri anayejulikana kama Black Daniel, ambaye wasaka watumwa wamempiga karibu na kumuua. Anamficha na kumuuguza. Ukihesabu nani anamwokoa nani, hesabu inaanza hapo, na mwanamume ndiye mwenye deni.

Mwanamume na nafasi yake

Katika vitabu vyote vinne, Gilbert Markham wa Wildfell Hall ndiye pekee anayefika kazi ikiwa imekwisha. Anapokutana naye, Helen amekwisha kutoroka, anajilipia, na anamlea mwanawe; Gilbert anachoweza kufanya ni kusubiri na kutunza siri. Kwa anayetafuta kujiokoa kusikochanganyika na chochote, hapa hakuna mshindani. Lakini Gilbert mwenyewe ni kijana mwenye hasira na wivu, anayempiga kaka yake Helen kichwani kwa mjeledi akidhani ni mpenzi wake, na wasomaji wengi humaliza kitabu wakijiuliza kama anamstahili. Halafu kuna lile la Helen kurudi kumuuguza mumewe anapoumia. Wapo wanaokitupa kitabu hapo. Mimi nawaomba waendelee kidogo, kwa sababu mgonjwa hamwoni mtoto wake mpaka asaini karatasi ya kukubali kwamba mtoto atabaki chini ya mama. Helen aliyerudi ni mtu mwingine kabisa. Na mwishoni ni Helen anayechuma ua la waridi kutoka kwenye theluji na kumpa Gilbert, na Gilbert anaposita kwa kutoelewa maana yake, Helen analinyakua mkononi mwake na kulitupa nje.

Rochester ana mvuto mkubwa kuliko Gilbert, na makosa makubwa kuliko ya Gilbert. Alimdanganya Jane hadi madhabahuni. Jane anaporudi, ana mali yake, naye Rochester amepofuka na amepoteza mkono mmoja, kana kwamba mwandishi alihisi kwamba usawa haungewezekana bila kumshusha kwanza.

Dain analia ndani kama mtoto aliyekataliwa na mama yake, na anaficha kilio hicho kwa matusi na fedha. Jessica anamtambua mapema, hivyo mapenzi yao ni mashindano ya watu wawili wenye nguvu sawa, na ni yeye anayemlazimisha baadaye kumkubali mtoto wake wa nje ya ndoa. Galen Vachon, ambaye ndiye huyo Black Daniel, ni mwema kupita kiasi: tajiri, mkarimu, mpiganaji, ametoka katika ukoo wa Kikrioli wa New Orleans. Pengo la mali kati yake na Hester linaleta mvutano wa kweli, ingawa zawadi zake za kifahari wakati mwingine zinamrudisha Hester katika nafasi ya mpokeaji, nafasi ambayo mwanzo wa kitabu ulimtoa.

Usomaji wake

Vitabu vya akina Brontë havilindwi tena na hakimiliki, hivyo vinapatikana bure na kihalali kwenye intaneti. Kiingereza chao ni cha sentensi ndefu na maneno ya Biblia, lakini cha Jane kinabeba msomaji kwa sababu anasema mwenyewe tangu utotoni. Wildfell Hall ina mzigo wa ziada: inaanza kwa barua za Gilbert, katikati inakuwa shajara ya Helen, kisha inarudi kwa Gilbert, na sura za mwanzo zina umbea wa kijijini ambao huonekana hauelekei popote. Mambo ya chumbani hayaonyeshwi katika vitabu hivyo viwili, ingawa ulevi na ukatili wa ndoa vinaonyeshwa bila pazia.

Lord of Scoundrels ni fupi, inachekesha, na Kiingereza chake ni chepesi kwa aliyezoea riwaya za kisasa. Ina tukio la kuvua glavu mkahawani lenye joto kuliko kurasa nyingi za wazi za waandishi wengine. Ina pia kurasa hizo za wazi. Indigo nayo inazo, na pamoja nazo ina simulizi za mateso ya utumwa. Jenkins ni mwandishi anayejulikana kwa kuambatanisha vitabu vya historia alivyovisoma, na msomaji anayependa kufuatilia atapata pa kuanzia.

Nani amchague nani

Kama hujawahi kusoma riwaya ya mapenzi ya karne ya 19 na unataka moja tu, chukua Jane Eyre; riwaya nyingi za baadaye zinajibizana nayo, na utazielewa vizuri zaidi ukiwa umesikia hoja ya kwanza. Inamfaa pia msichana wa sekondari, hasa aliye mbali na kwao.

Kama umechoka baada ya kazi na unataka kucheka huku mwanamke akishinda, Jessica atakufaa, na mtego wake mwepesi utakuwa faida badala ya kasoro. Usimchukue ukiwa unatafuta historia ya maisha ya watu wa kawaida.

Kama unataka mapenzi yaliyokomaa na historia ambayo haikulegezwa, au umechoka kusoma mashujaa wa kike wa Kizungu peke yao, nenda kwa Hester. Anafaa sana kwa kikundi cha kusoma, kwa sababu suala la nani ana haki ya kuhatarisha uhuru wake kwa ajili ya wengine halimalizwi katika kikao kimoja.

Aliyeko ndani ya ndoa ngumu, au anayemshauri mtu aliyeko humo, afikiri kabla ya kumchagua Helen. Kwa baadhi ya wasomaji kitabu hicho kinatia nguvu; kwa wengine shajara ile iko karibu mno, na hakuna ubaya kuanza na Jessica na kumwacha Helen kwa wakati mwingine.

Ukimchagua Helen, angalia nakala yako kabla hujalipa. Toleo la bei nafuu la mwaka 1854, lililotoka baada ya Anne kufariki mwaka 1849, lilikatwakatwa, na matoleo mengi ya baadaye yaliliiga. Nakala kamili hufungua kwa barua kwa rafiki aitwaye Halford. Kama yako inaanza moja kwa moja na vuli ya mwaka 1827 bila barua hiyo, irudishe na utafute nyingine.